Mshono Uliolala Kushoto

Mwanangu mpendwa Nels,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Karin na mabinti. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Ukiniuliza hali yangu, sitaipamba: mapafu yamechoka, na daktari ananitazama kama ng'ombe asiyefaa kuvushwa majira ya baridi. Hata hivyo kahawa nakunywa, na theluji ya mlangoni naizoa mwenyewe.

Nimesikia kwamba Jumamosi chama cha wafugaji kitaipa karakana ya shule jina la marehemu baba yako, Selmer Brekke, na kwamba wewe ndiye utakayehutubia. Kabla hujaandika neno, nisome mpaka mwisho.

Mwezi uliopita alikuja Wade Kuntz, yule niliyemfundisha hesabu. Bodi ya pikapu yake ilikuwa imepinda kwa uzito wa marobota ya nyasi, akauliza kama kuna mtu anayeuza bodi bapa ya zamani ya fundi Selmer. Nikamwambia aache pikapu, nitamtengenezea mpya. Alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Mwalimu, hicho ni chuma, si keki!" Nikamjibu kwamba yeye hata desimali zilimshinda, asinifundishe chuma, aweke funguo mezani.

Mpira wa oksijeni ninaopumulia niliuacha jikoni pamoja na mtungi wake, maana hewa ile na cheche havikai chumba kimoja. Nilichomelea nimeketi kwenye kigoda cha kukamulia, nikipumzika baada ya kila mshono. Vyuma vizito niliviinua kwa mnyororo wa baba yako. Nilitandika mihimili miwili mirefu, vyuma vya kukingama karibukaribu, juu bati nene lenye vinundu, na nyuma ya kibanda cha dereva fremu ya kuzuia mzigo usimvunje shingo. Chesisi, uti wa mgongo wa pikapu, sikuichomelea; bodi niliifunga kwa boliti, kwani ikipata moto hudhoofika. Muuguzi alinikuta nimevaa barakoa, akasema nitakufa. Nikamwambia hilo tulishakubaliana, tunachobishania ni mahali tu.

Wade aliporudi alilala chini ya bodi na tochi, akaimulika mishono mmoja mmoja. Unajua jinsi watu wa bonde hili wanavyoutambua mshono wa Brekke: viwimbi vyake hulala kushoto, kinyume cha vya mafundi wengine. "Mzee Selmer amefufuka?" aliuliza. Kisha akatoka, akaitazama mikono yangu. "Chaki," alisema. "Mwalimu, ulikuwa unashika chaki kwa kushoto. Tulikucheka, sweta lako likifuta ulichoandika."

Ndiyo, Nels. Baba yako alishika uma, kamba na Biblia kwa mkono wa kulia mbele yao miaka yote, na hakuna aliyejiuliza. Tangu farasi alipomvunja bega, kabla hujazaliwa, mkono wake haukutulia tena. Alinifundisha kwa mdomo, mimi nikachomelea. Milango tuliifunga, hata wewe tukakufungia nje, tukisingizia upepo, kwa kuwa hakuna mfugaji ambaye angeamini kazi ya mwalimu wa kike. Bodi zote ni zangu. Selmer alikuwa mume mwema na mpimaji hodari, mchomeleaji hakuwa.

Wade aliuliza kama anyamaze. Nikamtuma akaseme mnadani, siku ya ndama, watu wakiwa wamejaa kwenye kahawa.

Na wewe uliacha ufundi kwa sababu baba yako alikuambia mkono wa kushoto haufai. Aliogopa kwamba watu wangekuona ukichomelea, wangejua mshono ule ulitoka wapi. Mkono wako haukuwa na kasoro, mwanangu. Ni wangu.

Jumamosi Wade ataniendesha kwa pikapu hiyo na tutaegesha mlangoni pa karakana. Kwenye fremu ya nyuma ya kibanda nimechomelea jina langu kwa herufi kubwa, lisomwe na kila atakayefuata nyuma. Wakitaka kutundika kibao cha Selmer, wakitundike huku wakilisoma. Nawe hotubia utakavyo. Ila ukisimama pale, karatasi ishike kwa kushoto.

Nisalimie Karin, nibusie wasichana, na mdogo avae soksi.

Mimi mama yako,
Thora Brekke, mchomeleaji