Kidonda Kilichofunga Mapema

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, Bwana asifiwe. Nyumbani Haneti mtama umetoa masuke na babako mzima, ila mdogo wako Rehema kang'atwa kidole na mbwa wa kupita.

Uliuliza kwa nini kaka yangu Yona alikufa nami nikabaki. Tulikuwa machungani, mbwa mwenye kichaa akatuuma sote wawili. Mimi alinichana kisigino, damu nyingi, nikapelekwa Kongwa kuchomwa sindano. Yona alikwaruzwa shavu tu kwa jino. Akapakwa majivu ya manyoya ya mbwa yuleyule, kama tulivyozoea. Kidonda kikafunga upesi, mama akamshukuru Mungu. Yaliyofuata sitayaandika.

Sasa unaniambia ndani ya mshipa wa fahamu mna wapagazi wasioonekana kwa macho, wanatembea juu ya nyuzi wakibeba mizigo kwenda na kurudi, na kirusi cha kichaa hujipakia kwao mpaka kwenye ubongo. Kumbe kutoka shavuni ni karibu! Barua yako nimeisoma mara mbili, mjukuu wangu. Wapagazi tuliopewa na Mungu, nao hawamkagui mgeni.

Jana babako akaniambia, "Mama, kidonda cha Rehema kimeshafunga, wasiwasi wa nini?"

"Hata mlango hufungwa mwizi akiwa ndani," nikamjibu.

Nimemwosha kidole kwa sabuni na maji mengi, tukapanda basi hadi hospitali. Naandika tukiwa kwenye foleni ya sindano. Amenilalia mapajani, anacheka. Namwomba Mungu wapagazi wa kidole chake watembee polepole.

Bibi yako