Kigari cha Bwana Injinia

Jumanne, 6 Februari 1996

Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimefika shuleni kabla ya kengele. Pikapu imekohoa mara mbili halafu ikakubali. Jua kali, wiki ya tatu sasa. Chai imegoma kuchipua na wachumaji wanarudi na vikapu nusu.

Jioni nimemtia Mzee, baba yangu, dawa ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina ukungu. Baba anaona vivuli na rangi kali tu, na hospitalini wamesema hata hilo halitakaa sana. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa habari za jirani. Kisha akauliza kama ndama amekunywa.

Nina huzuni. Sijui nimwonyeshe nini kabla giza halijafunga.

Jumamosi, 10 Februari

Londiani, kutafuta mbegu ya viazi. Nilielekezwa kwa mzee Njoroge, muuza mbao, akanipeleka stoo. Nyuma ya magunia kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, kuku wawili wamelala juu yake. Nikauliza. Akavuta turubai.

Kigari chekundu. Viti viwili, paa la kukunja, pua ndefu, magurudumu ya spoki. Nilikitambua papo hapo. Nikazunguka upande wa kushoto, nikapiga magoti kwenye vumbi la viazi, nikapapasa chini ya mlango. Mkwaruzo upo. Umepakwa rangi juu, lakini kidole kinausikia.

Njoroge alikinunua zamani kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka nchini. Sasa anataka nafasi ya viazi. Bei si ya kutisha, ni ya madume wawili wazuri wa ng'ombe. Sikumwambia kwamba mkwaruzo ule niliuweka mimi.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa mbali. Nilikuwa na miaka tisa, katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai.

Mzee, wakati huo kijana wa mabega mapana, ndiye aliyeosha gari la Bwana Injinia, Mzungu wa mitambo ya kiwanda. Kigari hiki hiki. Kila asubuhi, miaka kumi na moja. Ndoo mbili, kipande cha sabuni, na kitambaa laini ambacho hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeruhusiwa kukigusa. Hakuwahi kukaa ndani. Hata likigoma kuwaka, alilisukuma kwa nyuma, Bwana yuko kwenye usukani. Mimi nilikaa juu ya uzio na kutazama. Harufu ya nta na petroli. Jua juu ya boneti. Kwangu hakukuwa na kitu kizuri kuliko hicho duniani.

Siku moja nilipita na kikapu cha mama cha kuchumia chai, kikaburuza mlangoni. Mzee akasema ni yeye. Akanyang'anywa Jumapili zake zote hadi Krismasi. Mimi nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Saa kumi na moja jioni Bwana alikuwa akienda klabu. Tulilisikia gari likiteremka, likibadilisha gia darajani, likipanda ng'ambo, likipotea. Muda si mrefu Mzee alikuja nyumbani peku, gambuti, vile viatu vyake virefu vya mpira, mkononi. Nilidhani anazitunza zisiishe.

Nataka akae kwenye kile kiti. Mara moja, wakati jicho lingali linaona wekundu. Basi.

Jumatano, 14 Februari

Nimemwambia Rodah. Mke wangu akikasirika hapandishi sauti, huishusha. "Baba Chebet, hiyo kitu itabeba nini? Hata debe moja ya maziwa haiingii."

Nilisema pikapu itabaki ya kazi, hili litakuwa la pili, la... nikakosa neno. Akanimalizia: la utoto. Halafu akamtazama Mzee kule nje akipapasa kamba ya ndama, akasema sawa. Tutauza wale madume wawili. Sistahili mke huyu.

Jumamosi, 24 Februari

Kamau, fundi wa Kedowa, amekaa na kigari wiki nzima. Plagi, kabureta, breki, mipira yote. Babake alihamia huku kutoka Nyeri, na Kamau mwenyewe anaongea Kipsigis chetu vizuri kuliko watoto wangu. Alinipa ufunguo kwa uso wa kunihurumia. "Mwalimu, hii ni gari ya lami. Huko kwenu Kiptere ni kwa trakta."

Nikamwambia barabara yetu ni ngumu kama sakafu. Na leo ni ngumu kweli.

Nimeshusha paa. Kedowa hadi Kericho nimeimba. Mtu wa miaka arobaini na sita, naibu wa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha kuuzia majani ya chai. Nimeimba kwa sauti, na wachumaji wamesimama katikati ya chai kunishangaa. Nimerudi mtoto. Nimefurahi mpaka nikaogopa.

Jumapili, 25 Februari

Kwetu kitu kipya kikiingia bomani, mzee wa nyumba hukinyunyizia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na kusema maneno mawili matatu ya baraka. Pikapu aliibariki mpaka ikanuka wiki nzima.

Leo majirani walijaa. Rodah akaleta kibuyu. Nikamshika Mzee mkono hadi kwenye boneti. Akaipapasa. Mkono ukaenda pole pole mpaka mlangoni, ukashuka chini, kidole kikasimama pale pale. Nikajua amekitambua.

"Nani ataiosha?" akauliza.

Watu wakacheka. Nilicheka pia. Nikafungua mlango, nikamwambia ingia, baba. Akasema magoti yanamuuma, akarudi kwenye kigoda chake. Kibuyu kikarudi jikoni kimejaa.

Jumamosi, 2 Machi

Amekataa tena. Jumatano ilikuwa upepo. Juzi shati chafu. Leo ng'ombe, eti hawezi kumwacha, na ng'ombe yuko na Rodah saa zote. Nimekiosha mwenyewe tangu asubuhi, mgongo umekatika. Sikujua kazi ile ni ngumu hivyo.

Nimekasirika. Nimemkasirikia mzee karibu kipofu. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, 14 Machi

Mzee aliniuliza nimevaa nini. Nimevaa ile sweta nyekundu, nikamrudishia swali: unaionaje? Akasema nyeusi.

Nimechelewa.

Alhamisi, 21 Machi

Siku ya aibu.

Mvua imenyesha tangu Jumatatu. Nimeishi kwenye barabara hii miaka mingi. Najua lori la majani huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kamati kulalamikia tuta hilo, nakala ninayo. Na bado nimenunua gari ambalo tumbo lake liko shubiri moja kutoka chini. Kwa sababu nilinunua Februari.

Asubuhi pikapu haikuwaka, nikaenda shuleni na kigari, jioni nikarudi nacho. Karibu na kituo kikapanda tuta, kikakaa. Magurudumu yanazunguka hewani kama ya mchezo. Nyuma yangu, lori limejaa majani ya kijiji kizima. Upande mmoja mtaro, upande mwingine chai ya watu. Halina pa kupita. Majani yakikaa kwenye magunia yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwandani hawayataki. Kila mtu pale alijua hilo, na kila mtu alimjua mwenyekiti.

Wanawake wameweka vikapu chini na kuingia matopeni. Walinyanyua kigari na mimi ndani, maana waliniambia nishike usukani nisichafuke. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Mama mmoja mzee, jirani yetu, aliuliza kama wanyanyue na shule pia.

Majani yalifika. Baadhi yalirudishwa. Tulipomaliza kula Rodah alikusanya sahani. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kitu hiki hakikubarikiwa, na mimi ninajua.

Ijumaa, 22 Machi

Watoto wa darasa la sita wamechora kigari ubaoni kimekalia tumbo, mikono yangu iko hewani. Mchoro mzuri. Sikuufuta.

Nitakirudisha kwa Kamau akiuze.

Jumapili, 24 Machi

Baada ya kanisa nilikaa chini karibu na kigoda cha Mzee. Nikamwambia kigari kinaondoka wiki hii. Nikamwambia nilikinunua kwa ajili yake, ili akae pale ambapo hakuwahi kukaa. Kisha, sijui kwa nini, nikatoa lile la kikapu. Miaka thelathini na saba. Nilisema kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Mzee akanigeukia. "Kikapu kilikuwa kikubwa kuliko wewe," akasema.

Nikalia. Alingoja nimalize. Ndipo akaniambia mambo ambayo ningeyajua zamani kama ningeuliza. Kwamba maji ya asubuhi kule shambani yalimpasua vidole. Kwamba alikijua kigari kile chote kwa mikono, na hakuna siku hata moja aliyotamani kuingia.

"Wewe ndiye ulikipenda. Mimi nilikuwa natafuta karo yako."

Nikaona nimekuwa mjinga miaka yote hii. Nilichukua furaha yangu ya juu ya uzio nikamvisha yeye. Nikamwomba msamaha. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Halafu akatabasamu. Akasema kitu kimoja alikipenda. Sauti ya kigari ikiondoka. Ikivuka daraja, ikipanda ng'ambo, ikikatika, siku ilikuwa imekwisha na miguu yake ilikuwa yake tena.

"Kesho saa kumi na moja kiwashe," akasema. "Enda nacho mbali."

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imepumzika. Nimefundisha, nimesahihisha, nimekuja nyumbani mapema. Mzee alikuwa tayari kwenye kigoda, gambuti miguuni, uso umeelekea barabarani.

Saa kumi na moja bado, nilishindwa kungoja, nikakiwasha. Sikuaga. Nimeteremka gurudumu moja juu ya tuta na jingine kwenye nyasi, kama Kamau alivyonifundisha. Huku kwetu nako kuna daraja; pale nikabadilisha gia, nikaivuta vizuri ili isikike. Nikapanda ng'ambo mpaka kituoni. Nikazima. Nimekaa pale kidogo, mikono kwenye usukani. Vyura tu. Nilikipenda sana kigari hiki, na kesho kinaenda Kedowa.

Nimekiacha chini ya banda la kituo na kurudi kwa miguu. Kukirudisha na sauti yake kungeharibu.

Mzee alikuwa pale pale, macho amefumba. Gambuti zimepangwa kando ya kigoda. Miguu peku juu ya nyasi.

"Leo imeondoka mapema," akasema.

Nikaenda jikoni, nikaleta ndoo na kipande cha sabuni, nikamwosha miguu.