Kadi Isiyo na Wino

Kaka yangu,

Hujambo huko? Sisi tunasukuma siku, na paka amenenepa kutushinda sote.

Mlango wa jikoni bado una yale maua mekundu tuliyoyagonga siku tulipoiba mihuri ya mpira ya Mama tukamaliza pedi nzima ya wino. Juzi alikuja fundi rangi. Nikamwambia mlango huo akiugusa tutakosana. Unakumbuka Mama alivyotufundisha kutengeneza kadi? Muhuri uguse wino, uupulizie pumzi ya moto kama unafuta miwani, ndipo ugonge. "Bila pumzi ua halishiki," alisema, nawe ukapuliza mpaka ukatema mate.

Bado anatengeneza kadi kila asubuhi. Ila macho yamefifia, Kaka, na mambo yanamponyoka. Muhuri anaupulizia vilevile, anagonga kwa nguvu zake zote, lakini wino anausahau. Zile kadi ulizokuwa ukizisifia kwenye simu, mimi ndiye niliyezigonga upya kwa siri. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini njoo.

Hii ya leo sikuigusa. Aliponikabidhi aliuliza, "Kaka yako atalipenda ua lake?" Nikamwambia atalipenda sana, kwa hiyo usiniumbue. Usiseme nimekutumia karatasi tupu. Isogeze dirishani, upitishe kidole katikati, polepole.

Ua lipo.

Ni mimi mdogo wako, uliyemsingizia yale maua ya mlangoni.