Mashine Yenye Mkanda wa Begani

Baba watoto,

Huku hatujambo. Binti yako ameng'oka jino la mbele, na paa la karakana yako nimeliziba mwenyewe.

Dukani nilikwenda. Mashine za kuchomelea vyuma, za aina ya MIG, zilikuwa mbili. Ile uliyoniagiza ni ndogo, ina mkanda wa begani, haitaki hata mtungi wa gesi. Nyingine ni nzito, ina magurudumu na mtungi wake. Nikamuuliza muuzaji ipi inafaa karakana ya nyumbani, ya miaka na miaka.

"Mama, hii nzito. Ile ndogo ni ya fundi wa kuhamahama."

Hapo machale yakanicheza. Uliniandikia kwamba safari hii unarudi moja kwa moja, huondoki tena. Sasa mkanda wa begani wa nini?

Usijisumbue kunijibu. Nimechukua ile nzito. Waliiingiza wanaume wanne, nikawaambia wang'oe magurudumu, waifunge sakafuni kwa bolti.

Iko hapa inakungoja. Na mimi nakungoja, ila mimi sijafungwa bolti.

Mkeo,
Mama watoto