Binini bya Kahindo

Beni, commune Ruwenzori

Yaya Masika, dada mupenzi,

Wabukire, salamu. Mama anaamuka namna gani, na ule mugongo yake? Hapa tunasikia ati waasi bamerudi kupigana karibu na Butembo. Paluku, dereva wa kamyo mwenye kukuletea hii barua, umurudishie jibu kama bote muko bazima, roho yangu itulie.

Mimi niko, lakini ile mwili ulijua haiko tena.

Kisha kuzaa Nadine nilinenepa sana, bamama ba korali bakaanza kunicheka. Unamukumbuka Kahindo, rafiki yangu tangu masomo, marraine wa Nadine, mama yake wa ubatizo? Aliniletea binini, bidonge bya manjano, mu kasashe kadogo ka plastiki, bilitoka mupakani. Akasema: «Inaondosha mafuta, ma chère. Ni majani tupu, hata mama wa kunyonyesha anakunywaka.» Nilimuamini sawa ndugu ya tumbo moja.

Kweli nilikonda. Lakini mikono ikaanza kutetemeka, jasho ikanitoka hata mu baridi, moyo ikawa inakimbia, usingizi ikapotea. Nadine naye, juu ananyonya, akawa analia tu, halali. Tulizani ni malaria. Asubuhi moja nikaanguka pa kuchota maji. Majirani bakanibeba na kitanda mpaka hospitali, kwa sababu magari yote askari balishakamata.

Muganga akaangalia kinini kimoja chenye mume wangu alileta, akatikisa kichwa. «Mama, hii inakimbiza moyo mpaka inachoka. Na mutoto anaikunywa mu maziwa yako. Uache leo.»

Kahindo akakuja kunitembelea na ndizi. Akainama pa sikio: «Usitaje jina yangu kwa muganga. Batanifunga.»

Nikamuuliza: «Weye mwenyewe unabikunywaka?»

«Aa, mi hapana. Mwenye aliniuzia aliniambiaka binaumiza moyo.»

Yaya, alijua! Akaogopea moyo yake, yangu hapana. Na ya mutoto mwenye alibeba yeye mwenyewe pa ubatizo, hapana. Nikamuita muganga, nikataja jina ya Kahindo mbele yake. Kahindo akaacha ndizi chini, akatoka bila hata kumuangalia Nadine.

Nadine sasa analala muzuri, tunamupa uji. Mimi, hata kubeba kitunga ya mihogo ni shida. Muganga hajui kama moyo itarudia nguvu.

Haraka yangu ni hii: bananiambia Kahindo alishashika njia ya Butembo na bile binini, juu hapa bamama bamemukatala. Anajua kwetu. Anajua mudogo wetu Katungu anataka kukonda mbele ya ndoa. Atasema: «Kavira ndiye amenituma.» Mimi sikumutuma.

Unisalimie mama, na tantine wa Lubero, na bwana yako, na katekista mwenye kutuombeaka. Mume wangu anabasalimia bote.

Na Katungu umuambie: Kahindo akifika na kasashe yake, amuombe akunywe kwanza yeye, pale pale, mbele ya macho yake.

Wasingya, asante yaya.

Mudogo wako,
Kavira