Wajane Waliotoweka Kwenye Orodha ya Mbegu

Mshauri wetu wa kompyuta, shikamoo, nakuandikia nikiomba jibu kabla ya Ijumaa, maana mimi ni karani wa ushirika wa wakulima hapa komine ya Bugendana, mkoa wa Gitega, na kazi hii niliirithi kwa mume wangu Manase aliyefariki mwezi wa nne, yeye aliyezoea kupuliza vumbi kwenye vibonye kabla ya kuandika chochote. Aliacha mwonekano mmoja, yaani swali lililohifadhiwa, unaounganisha jedwali la kaya, la wakuu wa kaya na la mashamba, ukiufungua unapata orodha ya watakaopewa mbegu za maharage, ila ndani yake aliandika jina Bugendana, basi nilipotumwa Buhinyuza kule Muyinga niliunakili nikabadilisha jina tu, nikasoma orodha mbele ya watu, na mama mmoja, Kulthumu, akaniuliza, "Mama Upendo, na mi nilizikwa pamoja na bwana yangu?" Watu walicheka, mimi sikuweza. Kumbe kila mkuu wa kaya akifariki mimi humfuta kwenye jedwali la wakuu, na kaya yake yote hutoweka, wajane kumi na wanne kule, na huku kwetu hata mimi simo. Mbegu zinagawiwa Ijumaa na mvua imeshaanza. Naogopa kugusa kazi ya Manase, ndiyo mkono wake uliobaki. Nifanye nini?

Anisia, Bugendana

Dada Anisia, pole sana. Lakini orodha unajua ni mbovu na bado umeikalia, na mvua haikai matanga.

Mwonekano haupokei kigezo, yaani neno la kujazwa kila unapofunguliwa. Ukipachika jina la komine ndani yake, utakuwa na nakala kwa kila komine na kosa lilelile katika zote. Tengeneza mmoja wa komine zote, kisha juu yake andika swali dogo linalokuuliza jina la komine kila unapolifungua. Hicho ndicho kigezo, na mahali pake ni huko nje ya mwonekano.

Kubwa zaidi ni muungano wa majedwali. Ule wa Manase huchukua tu kaya iliyo na mkuu. Anza na jedwali la kaya, mengine yaunganishe kwa muungano wa kushoto, ili kaya isiyo na mkuu ibaki kwenye orodha, nafasi ya mkuu ikiwa tupu. Komine nayo isomwe kutoka jedwali la kaya, si la wakuu, la sivyo utawatoa tena wajane. Ukimaliza, hesabu kaya za komine hiyo kwenye jedwali, hesabu na kwenye orodha. Zisipolingana, usisome.

Mwonekano wa Manase uhifadhi kando kwa jina lake. Hakuna anayekutaka uufute, wala yeye hakukosea. Aliuandika wakuu wote wakiwa hai. Wewe ndiye uliyefuta mtu ukaacha pengo. Kaya haifi na mume. Kila palipo tupu, andika jina la mjane, maana sasa mkuu ni yeye.

Anza na kaya yako, ya Bugendana. Mkuu wa kaya: Anisia.