Geuza Nione Nyuma

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kugombana nawe bila kukuamkia kwanza.

Kile kitambaa cha meza ulichokuwa ukimdarizia mwanangu Kulwa kimenitoa jasho. Harusi yake ni Jumamosi ijayo. Uliacha maua manne yamesimama juu ya kitambaa, mtu anatamani kuyachuma, na la tano ulikuwa umelichora kwa penseli tu. Siku tulipoanua matanga nyumbani kwako Samuye, mbele ya ukoo mzima, mdomo ukaponza kichwa: nikasema nitalimalizia mimi. Mimi, niliyetupa sindano nikiwa darasa la saba!

Unajua kwa nini niliitupa. Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, wewe na duara lako la mbao la kukazia kitambaa, mimi na langu. Nikimaliza ua, hata kulitazama hukulitazama. Ulinyoosha mkono tu: "Geuza nione nyuma." Nyuma kulikuwa na mafundo. Ulichukua wembe ukafumua lote, ukanirudishia kitambaa chenye matundu. "Kazi ya mtu iko nyuma, mayu, mama yangu. Mbele hata mwongo anapendeza." Mara ya sita sikukipokea. Nikabeba ndoo nikaenda kisimani, na tangu siku hiyo hatukushona tena pamoja.

Basi wiki tatu hizi nimekuwa nikijifunza upya kwenye kitambaa kibovu. Kwanza nilikata kipande cha godoro, nikakifunika kwa uzi. Ua likatoka kama jipu. Nikachota pamba kwenye gunia la Baba Kulwa, pamba na mbegu zake, nikajidanganya kwamba mbegu zitalisaidia ua kusimama. Nilipokifua, mvua ikanyesha mfululizo, kitambaa kikalala ndani kibichi. Siku ya tano Baba Kulwa akaniita: "Mama Kulwa, njoo uone, ua lako limeota!" Kweli, kijani kilikuwa kinachungulia katikati ya nyuzi. Mtoto wa wakulima wa pamba, nimepanda shamba kwenye kitambaa. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, na si kwa msiba, Shangazi. Nililia kwa hasira.

Ndiyo maana jana nikafanya jambo ambalo ungenichapa. Kitambaa chako ulikishonea bitana nyuma, nyeupe na safi. Niliifumua nione ulivyoyainua yale maua.

Shangazi! Nyuma yako ni kiota cha ndege. Mafundo juu ya mafundo. Uzi mwekundu umekatiza mpaka kwenye jani la kijani, na kuna matundu kila ulipofumua ukarudia. Ndani ya petali uliweka vipande vya kanga kuukuu, kidogo chini, kikubwa juu yake, kikubwa zaidi tena juu, na hata kuvikata sawa hukuvikata. Siri yenyewe ndiyo hiyo tu.

Nilikaa na kile kitambaa mapajani. Kumbe wembe ulikuwa wa kwangu peke yangu? Ungenigeuzia chako siku moja, moja tu, nisingeondoka kwenye mkeka ule. Tungeshona pamoja miaka yote hii. Hilo ndilo linaloniuma, na sina wa kumwuliza.

Leo nimekata kanga, kidogo chini, kikubwa juu. Ua la tano limesimama. Limeinamia kushoto kidogo, lakini limesimama. Bitana sikuirudisha.

Kulwa alipokuja kukichukua alianza kusifia maua. Nikamwambia, "Geuza uone nyuma." Akageuza, akainamia yale mafundo muda mrefu.

"Mama," akauliza, "yako ni yapi na ya Bibi ni yapi?"

Nikatafuta kwa kidole. Nyuzi zangu zilikuwa zimeingiliana na zako, nikashindwa kumwonyesha.

Pumzika, Shangazi. Hasira haijaniisha, ila sindano sitaitupa tena.

Mimi, mtoto wa kaka yako.